Ditekta Inalia Ovyo, Imenyamaza au Inadanganya: Tuanzie Wapi?

Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ni redio na simu. Lakini tangu vijana waanze kwenda Tiira kutafuta dhahabu, ditekta nazo, zile mashine za kutafutia metali ardhini, zimeingia kwenye foleni. Mtu anafika na mashine ndani ya gunia, anailaza mezani taratibu kama mgonjwa, kisha ananiambia, "Fundi, hii imekufa." Naiwasha. Napitisha sarafu ya shilingi 500 mbele ya sahani. Inalia kama kawaida.

Basi tunatoka wote hadi kwenye kipande cha udongo nyuma ya kibanda, na hapo ndipo ugonjwa unapojitokeza. Mara nyingi mgonjwa ni ardhi, au ni mkono ulioshika mpini. Ndiyo maana siku hizi sishiki bisibisi kabla sijauliza: mashine inafanya nini hasa? Inalia ovyo? Imenyamaza? Au inakuambia chimba, unachimba, huoni kitu? Ukijibu hilo kwa ukweli, nusu ya kazi imeisha.

Kwa anayeanza kabisa, neno moja juu ya jinsi inavyofanya kazi, maana bila hilo mengine yote yatakuwa mazingaombwe. Ile sahani ya chini ina nyaya zilizoviringishwa. Umeme ukipita humo, sahani inatupa nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikigusa chuma, shaba, fedha au dhahabu, inaamsha umeme mdogo ndani ya kipande hicho, nacho kinarudisha mwangwi wake. Mashine inasikiliza mwangwi. Kwa hiyo haioni, inasikia tu, na chochote chenye kelele ya sumaku kitaichanganya.

Inalia hata pasipo na kitu

Simama. Inua sahani mpaka usawa wa kiuno na uishike bila kuisogeza.

Ikiendelea kulia hewani, ardhi haina kosa. Kelele inatoka kwenye umeme. Mkosaji wa kwanza ni simu iliyo mfukoni mwako, na watu hubisha sana juu ya hili mpaka waizime. Baada ya simu, tazama juu: nyaya za umeme, transfoma, mnara wa mtandao. Kisha tazama nyumba ya jirani mwenye sola. Inveta ya bei rahisi inaweza kusumbua ditekta kuliko hata waya wa barabarani. Na kama mmetoka wawili na mashine mbili, achaneni angalau mita 15 au 20, la sivyo kila mmoja anasikia ya mwenzake. Dawa ni kusogea, au kubadili chaneli ikiwa mashine yako ina kitufe hicho, au kupunguza nguvu ya kusikia. Hii ya mwisho watu hawaipendi. Wanadhani kipimo kikiwa juu kabisa ndiyo mashine inafika chini zaidi. Redio ukiifungulia sauti mpaka mwisho husikii habari vizuri, unasikia mikwaruzo. Punguza mpaka itulie, anzia hapo.

Ikinyamaza ukiiinua na kuanza kulia ukiishusha, sasa ni ardhi. Nitaieleza kwa kirefu hapo chini.

Na ikilia pale tu unapotikisa mpini, au majani yakigusa sahani, angalia kebo. Inatakiwa izungushwe kwenye mpini ikae imara, isining'inie. Kebo inayocheza karibu na sahani inasikika kama madini. Fungua pia kile kifuniko cha plastiki chini ya sahani. Mchanga mweusi na tope jekundu hupenya humo, hukauka, na mashine inabaki imebeba udongo wake yenyewe kila iendako. Osha, kausha, rudisha.

Udongo wetu

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokata tamaa, tena wengi wamejifunza kwa video za watu wanaotembea kwenye mashamba laini ya Uingereza. Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Maramu tunayomwaga barabarani imejaa vijiwe vya chuma hichohicho. Kwa ditekta, ardhi ya namna hii ni kama kuongea sokoni siku ya mnada: sauti ndogo unayoitafuta ipo, lakini kila kitu kinapiga kelele juu yake.

Ditekta nyingi za bei ndogo zimesawazishwa kiwandani mara moja, na huwezi kuzibadilisha. Kwenye maramu zitakusumbua, na dawa pekee ni kupunguza nguvu ya kusikia na kuinua sahani kidogo. Ukinunua, uliza kwanza kama ina kitufe cha kusawazisha udongo. Ikiwa ipo, fanya hivi. Tafuta mahali safi pasipo na chuma, hata kama utazunguka dakika kumi. Inua sahani hadi magotini, ishushe mpaka ibaki kama vidole viwili juu ya ardhi, inua tena, shusha tena, mfululizo kama mtu anayetwanga. Ukishusha na sauti ikapanda, rekebisha. Ukishusha na sauti ikadidimia, umepitiliza, rudi upande wa pili. Ukifika mahali ambapo kupanda na kushuka hakubadilishi sauti, umemaliza. Mashine nyingine zinafanya hivyo zenyewe ukishikilia kitufe huku unatwanga.

Kazi hiyo haifanywi mara moja tu kwa siku. Kutoka shambani kwenda kwenye mkondo wa maji, sawazisha. Ukifika penye kichuguu, sawazisha, maana mchwa hupandisha udongo wa chini sana ambao haufanani na ule ulio pembeni yake. Mvua ikinyesha, sawazisha. Nimeona mtu akitupa mashine nzuri chini kwa hasira kwa sababu alivuka barabara ya maramu bila kusawazisha upya.

Zipo mashine za aina nyingine zinazotupa nguvu kwa mapigo: zinapiga, zinanyamaza, zinasikiliza jinsi mwangwi unavyofifia. Mwangwi wa udongo wa chuma hufifia upesi kuliko ule wa metali nzuri, kwa hiyo mashine hizo huuvumilia udongo mwekundu vizuri zaidi na hufika chini zaidi. Minelab GPX 5000 ni ya namna hiyo. Bei yake ni ya kununulia pikipiki na kubaki na chenji, tena uwezo wake wa kutofautisha msumari na dhahabu ni mdogo. Kwa anayejifunza, naona ni haraka mno.

Chumvi ni kisa kingine. Ukifika Katwe, kule Kasese kwenye ziwa la chumvi, udongo wenyewe unapitisha umeme. Hapo kusawazisha kwa kawaida hakusaidii sana. Tumia mpangilio wa ufukweni kama mashine inao, punguza nguvu, kubali kupoteza kina.

Imenyamaza, haipati kitu

Anza na betri, hata kama jana zilikuwa mpya. Betri za kuchaji za ukubwa wa AA hutoa volti 1.2 wakati zile za kawaida hutoa 1.5, na baadhi ya mashine zikiona volti zimepungua hufikiri betri zimeisha. Soma kitabu cha mashine. Angalia pia springi za kasha la betri, kutu ya kijani inatosha kuizima.

Betri zikiwa sawa, tazama kichujio. Hiki ndicho kinachoiambia mashine isilie kwa vitu fulani, na ndicho kilichonifundisha adabu. Jirani yangu mama mmoja alipoteza pete ya ndoa kwenye shamba la matoke akiwa anapalilia. Nilienda na ditekta nikajigamba. Nikaweka kichujio nisisumbuliwe na misumari na karatasi za bati za pakiti za sigara. Siku mbili nilizunguka migomba ile, mama ananiletea chai, mimi sipati kitu. Siku ya tatu nikakifungua kichujio chote kwa uchovu tu, na hatua chache kutoka mahali alipoanza kulima ikalia. Pete ilikuwa chini ya majani makavu, hata haikufukiwa. Nilikuwa nimeipita.

Sababu ni kwamba kwenye namba za mashine, pete nyembamba ya dhahabu na vipande vidogo vya dhahabu vinakaa palepale panapokaa karatasi za bati na vile vishikio vya kopo la soda. Ukifunga bati, umefunga dhahabu. Sarafu za shaba na fedha zinakaa juu zaidi, hizo unaweza kuzitafuta na kichujio ukafanikiwa. Ukitafuta dhahabu, chimba kila kitu kisicho chuma cha wazi. Inachosha. Hakuna njia nyingine.

Kisha mwendo na kimo. Tazama mtu anayeanza: anapeperusha sahani kama anayefyeka majani, ikifika mwisho wa mkono wa kulia na wa kushoto inapanda juu. Sahani ikipanda sentimita 10, sentimita hizo umezipoteza chini. Iende sambamba na ardhi, karibu sana bila kukwangua, sekunde moja hadi mbili kutoka upande hadi upande, na kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Kata majani kwanza kama ni marefu.

Halafu kuna matumaini yaliyozidi. Ditekta ya kawaida kwenye udongo wetu inasikia sarafu kwenye kina cha sentimita 15 au 20 ukiwa na bahati. Kipande cha dhahabu kidogo kama punje ya mchele ni sentimita chache tu. Kitu kikubwa, sufuria kwa mfano, kinasikika mbali zaidi. Na mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya sarafu, zinazofanya kazi kwenye masafa ya chini (yaani kasi ya mitetemo ya umeme kwenye sahani), kama kilohezi 6 au 8, ni nzito wa masikio kwa dhahabu ndogo. Zile za dhahabu huanzia kama kilohezi 18 na kupanda hadi 45 au hata 71.

Kwa ndugu zangu wa Tiira: dhahabu iliyo ndani ya mwamba, ya unga usioonekana kwa macho, ditekta haiisikii. Unaweza kuipitisha juu ya jiwe lenye utajiri na ikanyamaza, kwa kuwa kila chembe peke yake ni ndogo mno kurudisha mwangwi. Jiwe hilo linajulikana kwa kusagwa na kuoshwa kwenye karai. Ditekta ni ya vipande, kama vile ambavyo mtu anaweza kubahatika kuvipata kwenye mikondo mikavu ya Karamoja. Kuna aliyeuza ng'ombe wawili kununua mashine kabla hajajua hili, na sikuwa na la kumwambia.

Inalia, unachimba, hakuna kitu

Kwanza jiulize kama umechimba mahali penyewe. Pitisha sahani kushoto kulia, weka alama pale sauti inapokuwa kali. Geuka robo duara, pitisha tena, weka alama. Mahali mistari inapokutana ndipo pa kuchimba. Wengi huchimba kiganja kizima pembeni na kulaumu mashine.

Wakati huohuo umepata kipimo cha pili. Ikiwa sauti ni safi upande mmoja na inakatika au kupotea ukigeuka, shuku msumari. Chuma kirefu kinaongea upande mmoja. Sarafu na pete huongea sawasawa pande zote. Vizibo vya soda na bia ni wasanii wakubwa zaidi, ni chuma lakini mara nyingi hujifanya sarafu. Karibu na senta ya biashara nimeshachimba vingi kiasi cha kuanzisha baa. Kwenye boma la zamani tegemea misumari ya mabati kila hatua.

Sauti ikipotea baada ya kuchimba, usiondoke. Pima shimo, pima lundo la udongo uliotoa. Ikiwa iko kwenye lundo, chota kiganja kwa kikombe cha plastiki, pitisha juu ya sahani, tupa upande mwingine, chota tena. Hakikisha mkono huo hauna pete wala saa. Ikiwa haiko popote, kuna sababu tatu za kawaida. Msumari uliokaa miaka mingi huacha kutu kwenye udongo unaouzunguka, na mashine inausikia mkubwa kuliko ulivyo. Ukivuruga udongo, ukubwa huo unaisha. Au ulisikia jiwe la chuma, ambalo linafanana na mengine lakini lina madini ya sumaku zaidi, likatoka na bonge la udongo. Chukua sumaku ya spika mbovu, utalinasa. Au ulisikia kiatu chako.

Sitanii na hili la kiatu. Buti zenye ncha ya chuma, mkanda wenye bizimu kubwa, panga kiunoni, jembe lililolazwa nusu mita kutoka unapopima. Kila kimoja kimewahi kuletwa kwangu kama "hitilafu".

Bunyoro kuna tatizo lake. Watu wa huko walifua chuma kwa vizazi vingi, na mavi ya chuma yametapakaa kwenye vilima. Ditekta inayalilia kwa furaha. Ni mazito, meusi, yana matundu kama mkate ulioungua. Ukiyaona mengi mahali pamoja, acha kuchimba kabisa: umesimama kwenye historia, na maeneo ya kale kama Munsa, au Ntusi na Bigo bya Mugenyi kule Sembabule, yanalindwa. Hapo mashine inabaki kwenye gunia.

Kitanda cha mazoezi

Kabla ya kutafuta chochote, tengeneza kitanda cha mazoezi uani. Kwanza pima na toa kila chuma. Kisha fukia sarafu sentimita 5, nyingine 10, nyingine 15, na pembeni msumari, kizibo, kishikio cha kopo, pete ya mtu anayekuamini. Chomeka kijiti juu ya kila kimoja. Ukiwa na punje ya dhahabu, ibandike kwenye kadi ya zamani ya plastiki isipotee. Jaribu sarafu zako kwa sumaku kabla ya kuzifukia, maana ile inayonaswa itasikika kama chuma na utajifunza vibaya. Wazee wakikubali kukuazima senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, hiyo ni shaba nyeusi na inaongea vizuri sana.

Kaa hapo wiki nzima, jioni nusu saa, na hedifoni masikioni ili boda za barabarani zisikuharibie. Funga macho. Ukiweza kusema "huu msumari, hii pete" kabla ya kufumbua, nenda shambani.

Mashine yenyewe ni ya uongo

Ukiuziwa kitu chenye antena mbili zinazozunguka zenyewe, kinachodai kuonyesha dhahabu iliyo mita mia kadhaa mbali au chini sana ardhini, hakuna utatuzi. Hakifanyi kazi, hakikuwahi kufanya kazi. Mwingereza James McCormick aliuza vifaa vya namna hiyo kama vya kugundua mabomu, Iraki wakavinunua kwa mamilioni ya dola, na mwaka 2013 mahakama ya London ikamfunga miaka 10. Vya dhahabu bado vinauzwa, vingine vina kioo cha rangi na mkoba mzuri. Kisanduku kimoja nilikifungua: ndani kulikuwa na taa na betri. Zipo pia bandia za mashine za kweli. Zinawaka, zinalia, lakini zinasikia nusu ya kina. Kabla ya kulipa, pima mbele ya muuzaji kwa sarafu yako mwenyewe, hewani na ardhini.

Na ruhusa. Kwa Katiba yetu madini ni mali ya Serikali hata yakiwa chini ya migomba yako, na tangu 2022 tuna sheria mpya ya madini yenye leseni za wachimbaji wadogo. Ofisi ya jiolojia na migodi iko Entebbe. Mwenye shamba naye aulizwe kwanza, kwa mdomo na mbele ya shahidi. Kule Acholi na Kasese kulikopiganwa, kitu chenye umbo la chupa ya chuma chenye mapezi au kutu nzito usikiguse wala usikichokonoe: weka alama, rudi kwa njia uliyojia, ita polisi.

Sasa bisibisi

Yanabaki machache ambayo ni ya fundi kweli. Kisanduku kilichonyeshewa, kwa sababu kwenye mashine nyingi sahani haiogopi maji lakini kisanduku kinaogopa: toa betri papo hapo, usiiwashe kujaribu, ilete. Kebo inayokata sauti ukiikunja karibu na plagi: hiyo naikata na kuiunganisha upya. Mashine inayowaka lakini haisikii hata sufuria: azima sahani ya aina hiyohiyo kwa mwenzako, ichomeke. Ikisikia, sahani yako ndiyo mbovu, na nikiipima kwa mita nikikuta waya umekatika ndani, sitakudanganya. Imezibwa kwa gundi ngumu, haifunguki bila kuvunjika. Weka pesa ya sahani nyingine, na ujira wangu usilipe.